Tupeane uzoefu: Nani kwao bado wanasema Acacia Avenue?

Wakuu, juzi mama mkubwa kanituma mjini nikamchukulie miwani. Maelekezo yake: "Iko Acacia, ukishapita Askari." Vijana pale nyumbani wakabaki kutazamana. Alimaanisha Samora Avenue, hapa Dar es Salaam.

Barabara ile imebadilishwa jina na kila aliyeutawala mji. Wajerumani waliiita Unter den Akazien. Waingereza wakauteka mji 1916, ikawa Acacia Avenue. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoasisiwa hapahapa Dar mwaka 1962. Jina hilo linastahili kabisa. Ila pale iliposimama sanamu ya Askari tangu 1927 palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, von Wissmann; iling'olewa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha 1968. Nani anawasimulia watoto haya?

Barua zetu zinakwenda kwa sanduku la posta na njia tunaelekezana kwa Mnara wa Saa, kwa hiyo jina la mtaa likifutwa halina pa kujishikiza zaidi ya midomo ya wazee. Hebu tuandike, kwenu mnasikia jina gani?

#2
Marehemu babu alikuwa fundi cherehani. Tunayo bahasha yake yenye mhuri wa zambarau: Acacia Avenue, Dar es Salaam, Tanganyika. Pembe moja imeliwa na mende, lakini herufi zote zinasomeka.

#3
Kwetu ni Pugu Road. Mzee aliendesha malori miaka mingi na mpaka leo Nyerere Road haimtoki mdomoni, ingawa picha ya Mwalimu ndiyo ya kwanza kuiona ukiingia sebuleni kwake.

#4
Sisi lilitutesa kwenye mirathi. Hati ya baba inasema Upanga Road, na sasa barabara ni Ali Hassan Mwinyi. Karani wa ofisi moja akang'ang'ania kwamba ni nyumba mbili tofauti! Tukazungushwa wee, mpaka alipotokea mama mmoja mtu mzima akaangalia namba ya kiwanja na kitalu, akamaliza kazi palepale. Mkikutwa na hili, anzeni na namba hizo. Mkuu #2, ipige picha hiyo bahasha leo, mende hawasubiri.