Jiko la gesi la zamani: nilibadilishe au niite fundi? Naombeni ushauri wakuu

MkweSegerea: Habari za jioni wakuu. Nina jiko la gesi la plati nne na oveni chini, tulilikuta kwenye nyumba tulipohamia Segerea. Plati mbili hazishiki, mlango wa oveni tumeufunga na waya. Nimepata lingine la mtumba limetoka Uingereza, kwa nje zuri mno, laki 3 na nusu. Wife anataka jipya la dukani. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

BintiMbagala: Anayepika nani? Msikilize huyo.

MzeeKigogo: Mimi gesi nliacha nikarudi kwenye mkaa. Maharage ya mkaa yana ladha yake bwana, marehemu mama katulea watoto wanane kwa jiko moja la mkaa na hakuna aliyelala njaa.

FundiKeko: Mkuu hilo la Uingereza ligeuze nyuma usome kibao chake. Kule nyumba nyingi zinatumia gesi asilia ya bomba, tundu za nozo, pale gesi inapotokea kwenye plati, ni kubwa kuliko za jiko la gesi ya mtungi. Ukilifunga hivyo hivyo moto unakuja mkubwa wa njano na masufuria yanakuwa meusi tii. Nozo zinabadilishwa ila uzipate za jiko hilo hilo. Sasa nikuulize, hilo la zamani limekaa miaka yote, kwa nini ulitoe leo?

MkweSegerea: Limechoka tu mkuu.

FundiKeko: Limechoka au linanuka?

MkweSegerea: Ok linanuka kidogo, usiku zaidi, kama wiki mbili hv. Ila tunafungua dirisha.

MamaJojo: Dirisha?? Mtungi uko wapi kaka?

MkweSegerea: Uko chumbani kwa mama mkwe. Jamani msinishambulie, tulikuwa tunauweka nje ukaibwa, wa kilo 15 tumeujaza juzi yake tu, ndo fundi akatoboa ukuta akapitisha mpira na mtungi akauweka nyuma ya mlango wa mama. Na kwenye lile la mtumba nimeshatoa kianzio laki na nusu, kwa hiyo ushauri wa nisinunue umechelewa.

MamaJojo: Kaka gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka chini inatambaa sakafuni, dirisha lako liko juu inalipita tu. Mwangu panya alitafuna mpira usiku, asubuhi nawasha kiberiti nichemshe chai ya watoto moto ukanirukia usoni, nyusi zote zikaondoka na mkono huu mpaka leo una kovu. Nenda kafunge mtungi SASA HIVI, usiwashe wala kuzima taa, mtoe mama humo. Ikizidi piga 114 zimamoto, ni bure.

DarKavu: Wakuu mnapigwa, huu uzi wa kutunga. Mwaka jana huyu huyu alisema kapanga chumba na sebule Kimara, leo mama mkwe ana chumba chake? Subirini tu, mwishoni ataweka namba ya muuza majiko.

MzeeKigogo: Hata mie nlishtuka, mtu na mama mkwe wake nyumba moja, wanapishanaje koridoni?

BintiMbagala: Mleta uzi jitokeze.

FundiKeko: Awe anatunga au hatungi, povu la sabuni halidanganyi. Akapake kwenye mpira na regyuleta.

MkweSegerea: Kimara nimehama mwezi wa tatu. Mama kaja kutibiwa mguu, hawezi ngazi ndo maana yuko chumba cha chini, na mimi sina jiko la kumuuzia mtu. Nimetoka kupaka povu sasa hivi. Kwenye jiko kavu, kwenye regyuleta kavu. Pale mpira unapoingia ukutani povu linavimba, linapasuka, linavimba tena kama kuna mtu anapuliza kwa ndani. Mpira umesuguliwa na tofali mpaka umechanika. Mikono inanitetemeka wakuu.

FundiKeko: Kwa hiyo hata ungeweka jiko jipya harufu ingebaki pale pale. Mpira haupitishwi ukutani hivyo. Mtungi utoke nje, kachomelee kizimba cha nondo na kufuli, ukutani lipite bomba la chuma na mpira uwe mfupi tu wa kuingilia kwenye jiko.

MkweSegerea: Nimeufunga, uko kibarazani na mimi niko nao hapa mpaka kuche. Mama kahamia sebuleni, milango yote wazi. Je kianzio changu atarudisha?

BintiMbagala: Alikuandikia risiti?