Nyumba yangu, ardhi yake: kodi ya kiwanja inatufukuza huku Colorado

Jamani, nina hasira, naomba mnisome hadi mwisho.

Mwaka wa saba huu naishi kwenye paki ya matrela hapa Colorado, Marekani, yaani uwanja wa nyumba za magurudumu, kila moja kwenye kiwanja cha kukodi. Trela ni yangu, hati ina jina langu. Kiwanja ndicho si changu, nakilipia kila mwezi. Watu wa Mombasa mmeshanielewa: ni nyumba bila ardhi, kama ya nyanyangu kule Majengo.

Paki imeuzwa. Mwenye mali mpya kabandika karatasi mlangoni: kodi ya kiwanja kutoka dola 640 hadi 890. Kwa huduma gani? Bomba mbele ya ngazi yangu linavuja tangu masika, natandika mbao nipite na mtoto.

Nikaenda kwa wakili wa msaada. Sheria ipo, tena nzuri kwa macho. Mwenye paki hawezi kukutoa kwa kuwa hakupendi tu, lazima awe na sababu iliyotajwa kwenye sheria. Ukikosa kodi, unapewa siku 10 ulipe. Korti ikiamua utoke, tangu 2019 una siku 30, zamani zilikuwa saa 48. Akitaka kuigeuza paki iwe kitu kingine, atoe notisi ya miezi 12.

Na kodi je? Anapandisha mara moja kila miezi 12, kwa notisi ya siku 60. Kwa kiasi gani? Kiasi atakacho! Mswada wa 2022 ulikuwa na kikomo cha kupandisha, kikaondolewa kwa sababu gavana Jared Polis hakukitaka. Basi sababu ya kunitoa anaitengeneza mwenyewe: anapandisha, nashindwa, anakwenda kortini kusema silipi. Huko ni kufukuzwa, wala msiniambie vingine.

Kuna wanaosema "hama, si trela ina magurudumu?" Njooni muyaone. Juzi nilijipenyeza chini ya nyumba na tochi. Imekalia matofali ya saruji, imefungwa nyaya ardhini, matairi yameoza unayamenya kwa kucha. Wahamishaji walinitajia dola 12,000, zaidi ya niliyonunulia. Halafu yangu ni ya 1974, na paki nyingi hazipokei trela iliyotengenezwa kabla ya tarehe 15 Juni 1976, viwango vya serikali kuu vya kutengeneza nyumba hizi vilipoanza. Akinitoa kiwanjani, nyumba nayo imekwenda.

Kinachoniuma zaidi ni siku 120. Paki inapouzwa, sheria inawapa wakazi siku hizo wajikusanye, watoe bei yao wainunue wenyewe. Barua yetu ilikuja kwa Kiingereza na Kihispania. Jirani yangu, mama wa Kikongo, aliniletea yake zikiwa zimebaki wiki tatu, ameikunja ndani ya daftari la mwanawe, akidhani ni habari za kukatiwa maji. Familia nane hapa zinaongea Kiswahili, hakuna hata moja iliyojua imeshika nini mkononi. Wiki tatu utachangisha nini?

Walio Aurora, Greeley, popote kwenye paki: ukipata barua yenye neno la kuuzwa, itafsirieni siku hiyo hiyo, mgonge kila mlango. Na kama yupo aliyewahi kununua paki na majirani zake, aseme hapa walianzia wapi na nani aliwakopesha. Kodi mpya inaanza tarehe mosi.