Hela 20 ya Tabora, 1916: nichukue nyekundu au njano?

kijana_isevya
Mwangaluka wakuu. Jana mama mmoja wa mitumba kanifungulia fundo la kitambaa: heller 20 mbili (hela za Wajerumani enzi za ukoloni), zote za 1916, zote zina herufi T, alama ya Tabora. Moja ni shaba nyekundu, imeingia weusi na ukingoni ina kidonda kama iligongwa nyundo. Ya pili njano, inang'aa kama bomba jipya. Kila moja elfu thelathini, na mimi nina ya moja tu. Moyo uko kwa njano. Semeni kabla sijarudi sokoni.

fundi_kitete
Mdogo wangu, shaba ya miaka mia na ushee haing'ai hivyo yenyewe. Imesuguliwa hiyo. Ishike juani uizungushe taratibu: mng'ao wa asili hukimbia kuzunguka uso wa sarafu, wa kusugua umelala palepale na utaona mikwaruzo midogo imeelekea upande mmoja. Nasema kwa uchungu. Mwaka juzi niliiosha rupia ya fedha ya 1910 kwa ndimu na majivu, ikawa nyeupe pee, nikafurahi wiki nzima. Sonara akaipima, akasema, "Hii sasa ni ya kuyeyusha tu."

bibi_ujiji
Za njano zilipigwa nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo hata bila kusuguliwa ningeiegemea nyekundu. Ila mwanangu, angalia mambo mawili kwanza. Taji lililochorwa kwenye sarafu lipo kubwa na lipo dogo. Halafu tazama herufi L mbili kwenye neno HELLER: kuna zenye ncha zilizochongoka na kuna zilizojikunja. Wakusanyaji huzitofautisha hizo. Chukua lenzi, usitegemee macho ya jioni.

mwana_reli
Mimi napingana nanyi kidogo. Njano ndiyo yenye simulizi! Vita Kuu ya Kwanza vilifunga bahari, sarafu hazikuweza kuja kutoka Ujerumani, ndipo Wajerumani wakapiga zao hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli, na shaba nyingine ilitoka kwenye maganda ya mizinga. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini, mchezo ukaisha. Mimi hiyo ningeiweka hata ikiwa imesuguliwa.

fundi_kitete
Simulizi sawa, kaka, lakini siku ya kuuza mnunuzi halipii simulizi.

sarafu_mwanga
Mnaongea rangi tu, daraja je? Ile mizani ya wakusanyaji ya kupanga hali ya sarafu, 1 hadi 70, haina huruma na kidonda cha ukingoni, wala na iliyosuguliwa. Na mkumbuke mashine ile haikuwa ya kupigia sarafu, kwa hiyo nyingi zilitoka hafifu tangu siku ya kwanza. Taji likiwa bapa, usikimbilie kusema limechakaa. Shaba ikiwa bado na ukwaruukwaru pale palipo bapa, na herufi za jirani zimesimama, hilo ni pigo dhaifu. Palipochakaa huwa laini kama sabuni.

kijana_isevya
Shukrani. Na ile ya dhahabu yenye tembo, nikikutana nayo?

sarafu_mwanga
Rupia 15? Za kuiga zimejaa. Uende na mizani ya sonara: ya kweli ina gramu 7.17 hivi, dhahabu ya karati 18. Ukiuziwa kwa elfu thelathini, kimbia.

bibi_ujiji
Na sarafu yoyote asiiweke kwenye mfuko wa nailoni mlaini, unatoa jasho. Karatasi kavu isiyo na asidi inatosha.

kijana_isevya
Nimerudi. Njano niliizungusha juani, mng'ao haukutikisika. Nyekundu ina taji kubwa, L zote zimejikunja, na weusi wake umetulia hadi ndani ya herufi. Nimeichukua, kidonda na yote. Mama alipoona nimeacha inayong'aa alicheka sana. Anasema hata hii nyekundu alitaka kuipitishia ndimu asubuhi, ndimu zikawa zimemwishia.