Taa za kuzama darini bafuni: GU10 za IP65, paneli nyembamba za draiva, au volti 12?

mjenzi_kigamboni
Wakuu, bafu ni mita 1.8 kwa 2.4. Dari ya jipsamu iko mita 2.4 kutoka sakafuni, juu yake mbao na bati. Shawa haina beseni, maji yanaenda moja kwa moja kwenye kitundu cha sakafu, na ni ile ya umeme ya kupasha papo hapo. Zinatakiwa taa tatu, moja juu ya shawa. Dukani kuna (1) fremu za IP65 (IP ni alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji) za balbu ya GU10, ile ya vishina viwili inayozungushwa kwenye soketi, (2) paneli nyembamba za LED zenye draiva (kifaa kinachozipa LED umeme unaozifaa) pembeni, (3) spotilaiti za volti 12 na transfoma yake. Ipi ifungwe?

BrekaKumi
Pima kwanza, aina baadaye. Kanuni za IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, hugawa bafu kwa kanda. Penye beseni au sinki la kuogea, ukanda 1 ni eneo la juu yake hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, na sentimita 60 zinazofuata ni ukanda 2. Lako halina beseni, kwa hiyo ukanda 1 unatanuka hadi mita 1.2 kutoka kichwa cha shawa na ukanda 2 haupo. Kwenye chumba cha ukubwa huo, sehemu kubwa ni ukanda 1.

Dari ya mita 2.4 kwenye karatasi iko nje ya kanda. Ila mvuke hausomi karatasi, na mtu akishika shawa ya mkono anaweza kupiga maji hadi juu. Taa ya shawani iwe IP65, nyingine zisishuke chini ya IP44. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji: 4 ni matone ya kurukia, 5 ni maji ya mpira.

fundi_wa_Tanga
Kwa dari hiyo nakwenda na (1) bila kusita. Paneli ikifa, mara nyingi si LED zilizokufa, ni draiva. Inakaa juu ya jipsamu chini ya bati, joto la mchana linakausha kapasita zake, na mvuke unaopenya kwenye tundu unamalizia. Halafu draiva mbadala lazima ilingane kwa miliampea na kwa masafa ya volti. Paneli ya miliampea 300 ukiipa draiva ya 450 itawaka vizuri sana, kwa muda mfupi.

GU10 ikifa unabadilisha balbu tu. Angalizo ni mawili. Fremu ya IP65 imefungwa, joto halitoki, kwa hivyo weka LED ya wati 5 hadi 7 na usiirudishie halojeni ya wati 50. Pili, IP65 inahusu uso wa chini tu, mgongo wa taa mara nyingi ni IP20. Bati likivuja, hiyo IP65 haikusaidii chochote.

Paneli nitaikubali pale tu nafasi juu ya dari ni ndogo, maana fremu ya GU10 na balbu yake hula kama sentimita 11 au zaidi. Na kama juu ni zege tupu, sahau kuzamisha, funga taa ya kubandika yenye kifuniko na raba.

Nyali_umeme
Msiidharau (3). Volti 12 kupitia transfoma ya usalama, yaani inayotenganisha kabisa upande wa 230 na wa 12 (tafuta IEC 61558-2-6 kwenye kibandiko), ndiyo salama kuliko zote kwa mtu aliyelowa. Watu hukosea hapa: wananunua transfoma ya kielektroniki ya halojeni, inayotaka mzigo wa angalau wati 20, wanaifungia LED mbili za wati 4, kisha taa zinapepesa na lawama inaangukia balbu. Transfoma ikae nje ya kanda, mahali pa kufikika kwa mkono. Upande wa volti 12 usiungwe na arthi, na nyaya zake zisichanganywe na za 230 kwenye bomba moja. Na volti 12 haifuti hitaji la IP.

Kwa walio pwani: angalieni springi za kushikilia taa. Za chuma cha kawaida huliwa na chumvi, taa inaning'inia, raba inaachia na mvuke unapanda. Chukua chuma kisichoshika kutu.

fundi_wa_Tanga
Naafiki usalama wake, ila kwa dari ya mita 2.4 ni kifaa kimoja zaidi cha kuharibika. Kwa dari ya mita 2.1 ningekuunga mkono.

mjenzi_kigamboni
Fundi anapendekeza moto uchukuliwe kwenye pointi ya shawa kwa kuwa iko karibu. Sawa?

BrekaKumi
Hapana kabisa. Shawa ya kilowati 5.5 kwa volti 230 inavuta ampea 24, kwa hiyo breka yake ni ya 32. Waya wa taa wa mm² 1.5 ndani ya bomba unabeba takriban ampea 15 hadi 17. Kukitokea hitilafu inayovuta ampea 25, breka inaona kila kitu kiko sawa huku waya ukiungua juu ya mbao zako. Taa zichukue kwenye sakiti ya taa, breka ya ampea 6 au 10, nyuma ya RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30.

Hakikisha pia nyutro (waya wa kurudisha umeme) ya taa hizo inatoka kwenye bari ya nyutro ya RCCB hiyohiyo. Ikiazimwa kutoka sakiti nyingine, RCCB itaruka kila ukiwasha, na hapo ndipo mafundi wavivu huing'oa.

SakitiSafi
Utaratibu wa kufunga, fundi awe na leseni ya mdhibiti wa nishati (Tanzania ni EWURA, Kenya EPRA):

Zima breka, jaribu testa kwanza mahali penye umeme uone inafanya kazi, kisha pima pointi. Swichi iwe nje ya mlango na ikate laivu (waya wenye moto). Ikikata nyutro, taa inazima lakini soketi ya balbu bado ina moto, na LED nyingine hubaki zikimulika kwa mbali usiku.

Pitisha nyaya tatu za mm² 1.5 kwenye bomba la mm 20 hadi kila taa. Taa yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji arthi, lakini ifikishe hapo na uifunge kwenye konekta, kwa sababu taa ijayo inaweza kuwa ya chuma. Maungio yote yawe ndani ya boksi lenye kifuniko. Kusokota na kuzungusha tepu hakufai juu ya bafu: gundi inalegea kwa joto.

Toboa kwa msumeno wa duara wa kipimo kilichoandikwa kwenye kasha la taa, si kwa kisu cha jipsamu. Raba inahitaji uso laini, na tundu lililochimbwa kwa kubahatisha linapitisha mvuke.

Mwisho bonyeza kitufe cha kupima cha RCCB, na fundi apime fimbo ya arthi. Ikizidi ohmu 200, ongeza fimbo.

mjenzi_kigamboni
Nimechagua (1), zote tatu IP65. Nyumba ina nyaya za zamani, nyekundu na nyeusi. Mpya ni kahawia na bluu. Nyeusi inaungana na bluu?

SakitiSafi
Kwa sakiti ya fezi moja ya zamani, ndiyo: nyekundu na kahawia, nyeusi na bluu. Ila kwenye nyaya mpya za fezi tatu nyeusi ni laivu, na kwenye mguu wa swichi (nyaya zinazoshuka hadi swichini) nyeusi ya zamani mara nyingi ndiyo inayorudisha moto kwenye taa. Pima kila moja kabla ya kuunga, kisha izungushie tepu ya rangi sahihi.