Hilux ya dizeli haiwaki asubuhi, nibadilishe pampu?

Korosho Mbichi: Wakuu, Hilux yangu ya zamani, injini aina ya 2L, ikilala tu asubuhi starta inazunguka mpaka betri inachoka. Nikipampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka iwe ngumu, inawaka. Juzi mlima wa Newala ilizima njiani. Fundi anasema pampu kubwa ya dizeli imekufa. Msimu wa korosho ndio huu, nina mizigo ya watu. Msaada wa haraka.

Spana 17: Hewa hiyo. Mafuta yanarudi tankini usiku. Na usitafute dizeli inayodondoka: kutoka tankini hadi kwenye pampu mafuta yanavutwa, tundu linanyonya hewa bila kutoa hata tone. Umegusa nini karibuni?

Korosho Mbichi: Sijagusa kitu.

Bibi wa Naliendele: Mnalia leo na lami yote hii! Kabla ya Daraja la Mkapa, 2003, tulikuwa tunalala Ndundu kusubiri kivuko cha mto Rufiji. Babu yenu Land Rover ikizima anatandika mkeka, tunapika.

Mzee wa Kiasi: Gari halitazamwi mwaka mzima, korosho zikikauka ndio mnakumbuka gereji.

Spana 17: Nauliza tena. Tanki lilishushwa?

Korosho Mbichi: Lilishushwa, ndiyo. Chumvi ya Mikindani mnaijua, lilitoboka. Bomba la kuvutia nalo lilioza, fundi akaunga na mpira, akakaza kwa waya. Ila mpira ni mpya kabisa! Na pampu ya mtumba nimeshalipia nusu, inakuja na basi kutoka Dar.

Spana 17: Mpira wa maji, bila shaka. Dizeli inaulainisha, na waya haubani duara lote. Fanya hivi: chomoa bomba linaloingia kwenye filta, chomeka mpira unaoonyesha ndani, utumbukize kwenye kidumu cha dizeli safi. Toa hewa, washa, zima, liache lilale. Asubuhi likiwaka mara moja, ubovu uko upande wa tanki. Likigoma, angalia oringi ya filta, ule mpira wa duara, hiyo pampu ya mkono, na vimpira vya juu ya nozeli vinavyorudisha mafuta tankini.

Mtani wa Masasi: Ngojeni. Mwenye gari gani anamtetea fundi hivi? Huyu ndiye fundi, mteja kamkalia kooni!

Korosho Mbichi: Mimi nina gari, jamani.

Mtani wa Masasi: Weka picha ya huo waya.

Mzee wa Kiasi: Hata mimi nilishtuka. "Bomba la kuvutia"! Mwanangu ana gari miaka, hajui hata dipstiki.

Bibi wa Naliendele: Mwacheni, fundi anayeuliza ni bora kuliko anayebahatisha.

Korosho Mbichi: Kidumu kimelala, leo limewaka mguso mmoja. Sasa ile nusu ya pampu nitarudishiwa?

Mtani wa Masasi: Muulize fundi. Si mnalala chumba kimoja?

Dereva Nachingwea: Mkuu, hiyo pampu ikifika unaiuza bei gani? Nina 2L pia.