Nimekuwa mzee wa kanisa lakini ule moto wa zamani siuoni. Nani amepitia hii?

Mhesabu_Sarafu

Wapendwa Bwana Yesu asifiwe. Mnivumilie ni ndefu kidogo.

Niliokoka mwaka 2004 nikiwa form three, shule ya bweni, kupitia fellowship ya UKWATA (umoja wa wanafunzi Wakristo mashuleni). Waliosoma bweni wanajua, tulikuwa tunaamka saa tisa usiku tunaenda kuomba nyuma ya bwalo, giza na mbu, hakuna aliyetulazimisha, tukitoka hapo tunaunganisha na mchakamchaka. Chuo nikaendelea na TAFES, fellowship ya wanafunzi wa vyuo, mikesha ya Ijumaa, kufunga siku tatu kavu naona kawaida tu, ukinipa kipaza nahubiri mpaka sauti inakata. Biblia yangu ya wakati ule ipo hadi leo, nimeipigia mistari mpaka kwenye yale majina ya Hesabu sijui nilikuwa natafuta nini.

Sasa hivi nina miaka 37, mke, watoto wawili, mdogo ana miezi saba bado hajajua kwamba usiku ni wa kulala. Ni mzee wa kanisa na ndo mweka hazina. Kwa nje mambo safi. Ndani pakavu. Naomba maneno yale yale, najua nitasema nini hata kabla sijafumba macho.

Kilichonifanya niandike ni Jumapili iliyopita. Tuko kaofisi ka nyuma tunahesabu sadaka, mnaijua ile kazi, noti za elfu mbili unazigeuza zote zitazame upande mmoja, sarafu unazipanga kumi kumi, na ukuta wa pili mchungaji anahubiri, sauti unaisikia ila maneno huyapati. Nikajiuliza mahubiri ya mwisho kuyasikiliza mwanzo mpaka mwisho yalikuwa lini. Sikukumbuka. Afu kuna kijana pale kanisani amemaliza form four, ameokoka juzi juzi tu, wakati wa sifa analia machozi kweli kweli, mikono juu. Mimi napita na kikapu cha sadaka nikamwangalia na wazo la kwanza kunijia kichwani ni "atapoa tu huyu".

Jamani. Hilo wazo limeninyima usingizi kuliko huyo mtoto wa miezi saba.

Sasa swali langu, huku ndo kukomaa au nimerudi nyuma nikiwa nimevaa suti?

Simba_wa_Yuda07

Mtumishi hapo kuna mlango umemfungulia shetani mahali. Ufunuo 2:4, umeuacha upendo wako wa kwanza, haihitaji mjadala. Dawa ni kufunga siku 21 bila kuchezacheza, na ukate mipira na tamthilia. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, siku ya nane tu moto ukarudi.

Mhesabu_Sarafu

Amina ndugu. Januari nimefunga 21 na kanisa zima na nimezimaliza zote. Nilichopata ni kupungua kilo nne na kumfokea wife bila sababu. Sisemi kufunga ni kubaya, tatizo nilifunga kama ninavyofunga mahesabu ya mwezi.

Kijiwe_Nongwa

Mimi sio mlokole ila bweni nimesoma. Wakuu tusidanganyane, ule moto ulikuwa unapanda karibu na mtihani wa taifa wa NECTA 😂 matokeo yakitoka nusu ya fellowship huioni. Una miaka 16, huna kodi, huna mkopo, huna mtoto anayelia, kwa nini usiombe saa tisa usiku? Labda hujapoa mkuu, umekua tu. Mbona hata mpira hatuchezi tena na hakuna anayesema tumerudi nyuma.

Mhesabu_Sarafu

😂😂 Umenikamata. Mtihani ukikaribia maombi yalikuwa yanajaa mpaka nje, na wale waliokuwa wanatucheka wote ndani. Lakini mkuu kuna tuliobaki baada ya matokeo, na wengine matokeo yenyewe yalikuwa mabaya. Kwa hiyo kulikuwa na kitu.

Nesi_wa_Zamu

Kaka pole sana. Mimi nimekusoma nimeona kitu kimoja, mtoto wa miezi saba. Unalala saa ngapi?

Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli moto umeshuka mbinguni watu wote wameona, siku chache baadaye yuko chini ya mti anaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria na wala hakumuuliza habari za mlango uliofunguliwa (samahani Simba). Alimletea mkate na maji akamwambia ale. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili akala tena. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye kabisa, huko pangoni. Mimi nikitoka zamu ya usiku siwezi hata kusema Baba Yetu nikaimaliza, na zamani nilikuwa najihukumu sana kwa hilo, siku hizi nalala kwanza.

Sisemi tatizo lako lote ni usingizi, hilo la kijana ni kitu kingine. Ila anza kulala.

Mzee_wa_Ndizi

Mwanangu nimesoma maneno yako mara mbili. Mimi nina miaka 66, niko Bukoba, na mama yangu alikuwa katika wale waliokuwa wanaitwa balokole, yaani waliookoka, ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Siku hizi kila kongamano linaitwa uamsho, mimi nasema ule wenyewe.

Vijana wanadhani ule Uamsho ulianzishwa na watu waliokuwa wanawaka. Kulikuwa na daktari Mwingereza anaitwa Joe Church, mmisionari wa hospitali ya Gahini kule Rwanda. Imepita njaa kubwa, amehudumia watu wanakufa mbele yake, amechoka mwili na roho vyote. Mwaka 1929 akaenda Kampala kupumzika, na pale Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, wakakaa na Biblia wakaomba pamoja. Hebu fikiria, zama zile za ukoloni, mzungu ni daktari, ni mmisionari, ndiye aliyetumwa kuja kutufundisha sisi, anakiri mbele ya Mwafrika kwamba mimi mwenyewe kuna kitu nimepungukiwa. Miaka ya 30 pale Gahini pakawaka, ukaenda Uganda, ukaingia huku kwetu, ukafika Kenya. Chanzo ni mtu mkavu aliyekubali kusema kwamba ni mkavu.

Sasa nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Kila wiki walikuwa wanakutana, mara nyingi nyumbani kwetu, benchi mbili na mkeka. Hapakuwa na kipaza. Mtu anasimama anasema wiki yangu ilikwendaje. Siku moja mama akasimama akasema kuna mkungu wa ndizi ulikuwa umeinamia upande wetu, nimeukata, na nilijua kabisa mgomba ni wa jirani. Basi. Wakaimba Tukutendereza, ule wimbo wao wa Kiganda wa kumsifu Yesu, wakaendelea na mwingine. Kesho yake asubuhi alikata mkungu wake mkubwa kuliko ule akanitwisha mimi, nikaupeleka kwa jirani huku nanung'unika njia nzima maana ule ndio nilikuwa nausubiri uive. Hiyo ndiyo waliiita kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Mama alifariki na miaka 84, sikuwahi kumwona anaruka wala kupiga kelele ibadani, lakini hakukauka.

Nisiwapake mafuta sana, ndugu wenyewe baadaye waligombana na kugawanyika, wengine wakawa kazi yao ni kupimana kwa mavazi na madeni. Hata jambo jema linaoza likikaa.

Lakini wewe umetueleza sisi hapa hilo la "atapoa tu". Umewaeleza watu usiowajua. Je, kuna mtu mmoja unayemjua, anayekujua, umemweleza?

Mhesabu_Sarafu

Shikamoo mzee wangu. Hapana. Hata mke wangu hajui.

MamaSupu_Moro

Shikamoo mzee. Mimi nitaongea ya jikoni maana ndo ninayoyajua.

Nauza supu na chapati, saa kumi alfajiri nawasha jiko la mkaa. Kuna binti nilimchukua anisaidie, jiko likififia anaongeza mkaa, likififia tena anaongeza, mkaa umejaa mpaka kikaango kinakaa upande na moto hamna, chapati zinakauka zimekuwa kama kadibodi na wateja wameshakaa. Nikamwambia teremsha kikaango, chukua kijiti, chokoa kule chini kwenye matundu. Majivu yalimwagika pale kopo zima. Haikupita muda jiko jekundu, na mkaa ni ule ule. Lilikuwa limekosa hewa tu.

Sasa wewe kaka umesema umepiga mistari mpaka kwenye Hesabu, kwenye Walawi uliruka? Walawi 6. Wote tunaukumbuka ule mstari wa moto usizimike, na kuhani aweke kuni kila siku asubuhi. Rudi nyuma kidogo mstari wa 10. Kabla ya kuni anazoa majivu. Anabadilisha na nguo kabisa ayapeleke nje ya marago, mahali safi. Na yale majivu sio uchafu jamani, ni ya sadaka ya jana ambayo Mungu aliipokea! Lakini yanatolewa, asubuhi ni asubuhi.

Kaka, 2004 ni majivu. Ni matakatifu sidharau, nje ya marago yanawekwa pasafi, lakini wewe bado umeyaacha jikoni unayapikia. Hata maombi yako ukiyasikiliza nadhani unajilinganisha na yule wa nyuma ya bwalo. Afu juu yake umepanga hazina, vikao, uzee wa kanisa, yote mema, yote yanadondosha majivu. Na Simba anakuambia ongeza mkaa. Chokoa kwanza.

Simba_wa_Yuda07

Mama nimekuelewa. Ila bado nasema afunge 😄

Nax_Vegas_Bro

Mama Supu umeongea poa sana hadi nimejiscreenshotia. Wacha niongeze kidogo kutoka Nakuru.

Mimi naogopa hilo neno kukomaa. Hapa kwetu mtu akisema yeye ni mature kiroho, mara mingi anamaanisha hakuna kitu inamsumbua tena. Nilikuwa kwa CU (Christian Union) campo, nikamaliza, nikakaa miaka minne najiita mature juu siendi kesha na nacheka wale wanaenda. Ukweli nilikuwa mvivu. Waebrania 5:14 inasema watu wazima ni wale akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya, zimezoezwa, sasa mimi nilikuwa nimezoeza nini? Remote ya TV.

Kilichonitoa hapo hata si mahubiri. Mwalimu wa Sunday school alihama na pasta akanisukumia darasa la watoto wa miaka saba nane hivi. Hao watoto hawana huruma. Jumapili ya kwanza nafundisha Yona najiamini kabisa, mmoja akauliza, teacher, sasa huyo Yona alikuwa anakojoa wapi ndani ya samaki siku tatu? Darasa ikaisha hapo. Wiki ilifuata nilisoma hicho kitabu mara nne, na kina sura nne tu, na nikapata hapo mwisho Yona amekasirika juu Mungu amehurumia watu. Nikajiona. Yaani mtu wa Mungu, kazi amefanya, mji mzima umetubu, yeye amekaa nje amenuna.

Bro, hiyo "atapoa tu" yako ni sura ya nne kabisa.

Mhesabu_Sarafu

Aisee hii ya Yona imeniuma. Nimekaa nayo.

Mhesabu_Sarafu

(Wiki mbili baadaye.) Wapendwa nimerudi, niliahidi kwenye PM kwa mama Supu kwamba nitaleta mrejesho.

Kwanza nilimwambia mke wangu, siku mtoto amelala mapema kwa bahati. Nilitegemea atashtuka. Akaniambia "nilikuwa najua, unaomba kama unasoma risala". Miaka yote hiyo anasema amina tu. Tukacheka, afu akaniambia na yeye ya kwake ambayo sitaiandika hapa.

Pili nimemwomba mchungaji nipumzike kuhesabu sadaka miezi miwili. Haikuwa rahisi, wazee wenzangu wawili walidhani kuna hela imepotea nakimbia, ikabidi tufungue vitabu vyote mbele yao shilingi kwa shilingi ndo wakatulia. Jumapili ya kwanza nimekaa kwenye benchi kama muumini wa kawaida sikujua mikono niiweke wapi. Mahubiri yalikuwa ya kawaida sana kwa kweli, mchungaji alirudia mfano aliotoa Pasaka. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Tatu ni yule kijana. Mzee wa Ndizi nilikukumbuka wewe na mkungu wako. Nilimsubiri nje nikamwambia ukweli, kwamba nilikuangalia unaimba nikasema moyoni utapoa, nisamehe. Akanitazama kama hajaelewa, afu akasema, "mzee hata mimi naogopa hivyo hivyo, mlango wa chumba nilichopanga ukifungwa naogopa." Sikutegemea. Kumbe anakaa peke yake, anauza laini za simu stendi, nyumbani kwao walimfukuza alipookoka, na mimi nimepita naye na kikapu wiki zote hizo.

Moto haujarudi, nisidanganye watu hapa. Saa tisa usiku nikiamka ni kwa ajili ya kunyonyesha... nasema kumpelekea mama yake mtoto 😂. Ila juzi naomba nikasema sentensi ambayo sikuijua kabla sijaisema, nikashtuka mwenyewe.

Nesi_wa_Zamu

Na kulala?

Mhesabu_Sarafu

Masaa sita dada. Wakati mwingine sita na nusu.

MamaSupu_Moro

Asante Yesu. Huyo kijana anakula wapi huko stendi? Umempa namba yako angalau?

Mhesabu_Sarafu

Nimempa mama. Tulikubaliana niwe namwamsha mimi saa kumi na moja tuombe kwenye simu dakika kumi. Mpaka leo ni yeye ndo anayenipigia.