Mtoto analia jioni nzima

Mama Kichanga: Shikamooni wakubwa zangu. Jamani naomba mawazo, huyu mtoto ikifika jioni tu ni kilio. Ananyonya anaachia, ananyonya anaachia, anakunja ngumi na kuvuta magoti tumboni, tunambeba tunazunguka naye nyumba nzima akitulia tukimlaza tu anaanza upya. Mchana wala hana neno. Anaingia wiki ya tano sasa na mi nimechoka mpaka kichwa kinauma

Mama: Pole mwanangu. Ukinyonyesha unambeua vizuri?

Mama Kichanga: Nambeua mama, kila akinyonya

Shangazi: Marahaba, pole sana mama. Kuna wale wataalamu wa tiba ya mikono, ostiopathi. Rafiki yangu mtoto wake alikuwa analia hivyohivyo akampeleka, wanamshika kichwa taratiiibu kwa vidole, mkono mwingine chini ya mgongo, hawavuti hawabonyezi, mtoto akalala palepale kitandani kwao. Wanasema kichwa kinabanwa wakati wa kuzaliwa ndo maana hatulii. Mpelekeni

Dada Mkubwa: Mi niliona video mtu anamgeuza mtoto shingo mpaka inalia ka! moyo ulinipasuka. Ndo hiyo??

Shangazi: Hapana hapana hii ni ya upole kabisa

Mama Mdogo: Nimetoka zamu sasa hivi nimesoma yote. Mwanangu pole, nakujibu kwa urefu maana hili nakutana nalo wodini kila wiki. Kwanza, kilio cha jioni kwa mtoto wa umri huo ambaye mchana yuko sawa na anaongezeka uzito, mara nyingi sio ugonjwa. Vichanga kilio chao huwa kinapanda kuanzia wiki ya 2 hivi, kileleni ni karibu wiki ya 6, halafu kinashuka na ikifika miezi 3 mpaka 4 wengi wameshaacha. Yaani wewe uko kwenye kupanda mlima kabisa, na ndo maana unaona kama kila siku inazidi, hujakosea kitu

Mama Mdogo: Daktari mmoja wa Marekani, Wessel, mwaka 1954 aliweka kipimo, mtoto mzima wa afya akilia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, zaidi ya wiki 3, huyo ana koliki. Ila koliki ni jina tu la kilio kirefu, chanzo chake mpaka leo hakijashikika. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa uhakika ni gesi au ni kichwa kilibanwa, msikilize lakini usimwachie mtoto hivihivi

Shangazi: Lakini wifi yule mtoto alitulia kweli, si hadithi

Mama Mdogo: Nakuamini wifi, alitulia. Fikiria, mtu ametulia, chumba kimya, mikono yenye joto, mtoto ameshikwa nusu saa nzima bila kurushwarushwa. Nani hatatulia? Ninachokataa ni ile sababu. Hiyo ya kichwa ilianzishwa na ostiopathi mmoja, Sutherland, huko Marekani miaka ya 1930, alisema mifupa ya fuvu ina mwendo wake mdogo na mtaalamu anausikia kwa vidole. Mwendo huo haujathibitishwa. Mifupa ya kichwa cha kichanga kweli haijaungana, ndo maana inapandana kidogo akipita njia ya uzazi, lakini inarudi yenyewe ndani ya siku chache. Haihitaji mtu airudishe

Dada Mkubwa: Ila si kuna utafiti?

Mama Mdogo: Upo. Mwaka 2012 Cochrane, shirika la watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 6 ya tiba za mikono kwa watoto wa koliki, jumla watoto 325. Mengi yalionyesha kilio kinapungua, lakini wazazi walikuwa wanajua mtoto wao ametibiwa na haohao ndo waliokuwa wanaandika amelia saa ngapi. Walipobakiza yale ambayo mzazi hakujua, faida haikuonekana wazi. Kwa hiyo mkitaka kwenda kwa yule wa mguso mwepesi sigombani na mtu, mradi daktari ameshamwona mtoto. Ila anayezungusha shingo au kubonyeza utosi MTOTO ASIGUSWE NAYE, hata akiwa na vyeti ukuta mzima

Baba Kichanga: Shikamoo mama mdogo. Sasa sisi wenyewe tunaweza kumkanda? Naogopa mikono yangu ni mizito

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu, mkono wako ndo unaofaa, mkubwa una joto. Usianze akiwa ameshapandisha kilio, anza mapema kabla ya ile saa yake, na usimkande akiwa ametoka kunyonya, subiri tumbo litulie. Nawa, toa pete, paka mafuta yasiyo na manukato usugue viganja mpaka vipate joto. Weka kiganja chote juu ya tumbo kwanza usikisogeze, aupokee mkono. Halafu zungusha taratibu kufuata mshale wa saa, ndivyo utumbo mpana unavyokwenda, uzito wa mkono tu basi. Kisha mkunjie magoti yote mawili yaende tumboni, hesabu kidogo, nyoosha, rudia. Hapo utasikia ushuzi mwenyewe

Baba Kichanga: 😂 sawa

Mama Mdogo: Na mwangalie usoni muda wote. Akigeuza uso pembeni, akitanua vidole, akianza kwikwi, anakwambia imetosha. Acha, mshike tu. Wengi wanakosea hapo wanaongeza mkono wakati mtoto ameshachoka kuguswa

Mama Kichanga: Yaani hiyo kwikwi anafanya kila siku, nikawa namwongezea kumpapasa

Mama Mdogo: Sasa umejua. Na mvue abaki na nepi, mlaze kifuani kwako ngozi kwa ngozi, umfunike shuka mgongoni, uso wake uonekane. Ila hapo uwe macho, ukihisi usingizi mpe mwenzio au mlaze kitandani kwake, chali. Na akilala mikononi usimweke chini papohapo, watafiti wa Japani mwaka 2022 waliona mtoto anayelia ukitembea naye dakika 5 bila kusimamasimama, kisha ukae naye dakika 5 mpaka 8 ndo umlaze, anaamka mara chache zaidi

Mama: Na hospitali je? Nataka aende

Mama Mdogo: Dada umesema kweli, aende wiki hii hata kama mnaona ni koliki, wampime uzito na waangalie anavyoshika ziwa. Lakini hizi sio za kusubiri miadi, ni kukimbia naye: joto kufika 38, kutapika kijani, damu kwenye choo, utosi kuvimba, kilio kipya chembamba cha kuchoma masikio, kulegea, kukataa kunyonya kabisa au nepi kubaki kavu muda mrefu. Hapo hakuna kukanda hakuna ostiopathi

Shangazi: Hayo nimeyaelewa. Basi daktari kwanza

Mama Mdogo: Na hili nasema kwa wote wawili. Ikifika mahali unaona hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka, funga mlango, kaa hata dakika 10, atalia lakini yuko salama. Kumtikisa hata mara moja ubongo unaweza kuumia maisha. Hakuna mzazi mbaya kwa kutoka chumbani

Mama Kichanga: Asante mama mdogo. Hilo la kutoka nilikuwa naona kama namtelekeza

Mama Mdogo: Humtelekezi hata kidogo mwanangu. Andika kwenye simu anaanza saa ngapi anaacha saa ngapi na nepi ngapi zimelowa, daktari atauliza

Dada Mkubwa: Jioni za wiki hii mi nakuja kumshika, we ulale. Kesho nikitoka kazini napitia moja kwa moja, shemeji mafuta ninunue au mnayo?

Baba Kichanga: Tunayo ila yana harufu, nunua shem